Mbuzi Wawili wa Logiri na Dai la Bima

Leseni ya kwanza ya udereva ya Hakim Soka ilitolewa Arua tarehe 9 Julai 1991. Muda wake ulikwisha zamani, lakini anayo bado, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya lori na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake watano. Picha iliyobandikwa humo ni ya kijana mwembamba wa miaka ishirini na mitatu, aliyekaza taya kama mtu anayengoja kudungwa sindano.

Kuanzia siku hiyo hadi Februari 2024 Hakim alibeba mizigo ya watu kati ya Arua na Koboko bila kupoteza katoni hata moja. Si yeye anayejisifu hivyo. Ni wenye maduka wa pande zote mbili. Yeye huwasahihisha.

"Sukari ilinyeshewa mara moja," husema. "Mwaka ya tisini na saba. Gunia mbili. Nililipa."

Alizaliwa Midia, karibu na mpaka, wakati baba yake akiwa sajini jeshini. Serikali ilipoangushwa mwaka 1979, familia ilivuka kwenda Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule. Huko Hakim alianza kwa kuosha lori la mfanyabiashara wa kahawa wa Aba, na akaishia kuliendesha. Lori hilo, anasema, breki zake ilibidi uziombe mapema. Kiswahili chake kimebaki na alama za njia hiyo: amri fupi fupi za kambini, na juu yake matamshi ya Kongo, ambako mtu huitwa mutu.

Sasa ana miaka hamsini na sita. Ana mke, Sumayah, na lori moja, Fuso ya buluu aliyoinunua mwaka 2009 ikiwa imekwisha tumika. Hana duka wala nyumba ya kupangisha. Shamba la Midia huwalisha, lakini ada za shule, paa la bati na matibabu ya mgongo wa Sumayah vyote vimetoka kwenye Fuso.

Jumanne tarehe 6 Februari 2024 alipakia kwenye ghala la Jane Andama, mtaa wa Awindiri, mjini Arua. Jane huuza vifaa vya umeme wa jua kwa jumla, na Hakim alikuwa amembebea mizigo kwa miaka minane. Siku hiyo paneli zilijaa upande wa mbele, na katoni 110, kila moja na betri yake, zikafuata hadi mlangoni. Hakim alihesabu, akasaini hati ya mzigo, akakunja nakala yake mara mbili na kuitia mfukoni. Nyuma ya hati hiyo pana aya ya herufi ndogo inayosema kwamba msafirishaji anawajibika kwa mzigo tangu anapoupokea hadi anapoukabidhi. Alikuwa amekwisha saini hati za namna hiyo mara mia kadhaa. Aya hiyo hakuwahi kuisoma.

Alisafiri peke yake. Taniboi wake, yaani utingo, mtu wa umri wake waliyefanya kazi pamoja miaka kumi, alikuwa amekwenda harusini Yumbe.

Alipofika kituo kimoja kidogo cha biashara upande wa Maracha, alikuta watu wamesimama barabarani wamenyoosha mikono. Mwanamke mmoja alikuwa amefariki asubuhi hiyo. Gari walilokodi halikuja. Mwili ulikuwa umelazwa barazani juu ya mkeka, umefunikwa kitenge, na jua la Februari lilikuwa linazidi kupanda. Kwao marehemu kulikuwa maili tisa ndani, kwa barabara ya vumbi.

Katika njia hiyo dereva wa lori hapiti maiti iliyokosa gari. Jambo hilo halijaandikwa popote, na hakuna anayehitaji kuandikiwa. Tena maiti hailazwi juu ya bidhaa. Lazima nafasi ifanywe, mwili ulale sakafuni, na wanawake wakae kando yake. Kwa hiyo mzigo ulishushwa. Waombolezaji wenyewe waliteremsha katoni 38 na kuzipanga kwenye baraza ya duka la vipuri vya baiskeli. Hakim akazifunika kwa turubai, akafunga kamba, akamwita mwenye duka, mtu wa makamo aitwaye Alionzi.

"Kaka, hii mali iko ya watu. Iko betri. Wewe kaa nayo mpaka mimi narudi."

"Wewe enda tu," Alionzi akamjibu. "Mimi hii duka naiacha, naenda wapi?"

Watu wa Midia hupenda kueleza kwa nini Hakim alisimama. Husema mwaka 1979, njiani kwenda Zaire, bibi yake alifia barabarani na magari ya jeshi yakapita tu, yakiwatimulia vumbi. Kisa hicho ni cha kweli. Lakini Hakim haoni kama ndicho kilichomsimamisha. "Nilisimama kwa sababu watu walinyosha mikono," anasema. "Kwani mutu anasimama kwa sababu ya nini ingine?"

Maili tisa zilichukua saa nzima, kwa kuwa gari lenye maiti haliendeshwi mbio. Nyuma yake ulifuata msururu wa pikipiki na baiskeli. Nyumbani kwa marehemu wanaume walikuwa wamekwisha anza kuchimba kaburi. Hakim alisaidia kushusha mwili, akanawa mikono, akapewa kiti na maji ya kunywa. Alikuwa bado na kikombe mkononi alipotazama upande wa kaburi akamwona Alionzi, shati kavua, koleo mkononi, jasho linamtiririka.

Hakim anasema hakupiga kelele. Alikwenda hadi ukingoni mwa shimo, akachuchumaa.

"Alionzi. Wewe iko hapa. Na betri iko na nani?"

Alionzi akapangusa uso. "Kaka, huyu ni shangazi yangu. Dada ya baba yangu, tumbo moja. Watu wote wamekuja. Mimi nikae dukani, nionekane namna gani?"

"Na betri?"

"Nilifunga duka."

"Betri iko nje ya duka."

Wachimbaji wengine waliacha kuchimba kwa muda, kisha wakaendelea, kwa sababu kaburi halingoji.

Hapo ndipo anapoona kosa lake. Hajilaumu kwa kusimama, wala kwa kushusha mzigo. Anachojilaumia ni swali moja ambalo hakuuliza barazani: wewe na marehemu ni nani kwa nani? Katika kituo chenye maduka kumi na moja, msiba wa mmoja ni wa wote. Na mtu akifiwa na shangazi hawezi kukaa akilinda katoni za mgeni. Kila dereva wa njia ile angejua hivyo kama angesita kidogo. Hakim hakusita, kwa sababu alikuwa na haraka ya kumfikisha marehemu.

Aliporudi, saa kumi alasiri, kituo kizima kilikuwa kimefungwa. Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri na kuwekwa pembeni, kamba juu yake. Katoni hazikuwepo. Kizee mmoja aliyekuwa anaanika mihogo ng'ambo ya barabara alisema aliona pikapu nyeupe na wanaume watatu, akadhani ni watu wa Hakim, kwa kuwa walifanya kazi bila haraka. Hakim aliripoti polisi siku hiyo hiyo. Hadi leo hakuna aliyekamatwa.

Alimpigia Jane simu kabla hajawasha gari.

"Mama, betri thelathini na nane imepotea. Mimi niliishusha, mimi niliiacha. Hakuna mwizi alinishika njiani."

Jane anakumbuka kwamba kwanza alidhani Hakim anatania. "Kisha nikakumbuka huyu mzee hajui kutania juu ya mzigo," anasema.

Jumapili tarehe 18 Februari Hakim alikwenda Logiri, katika Vurra, kwenye ukoo wa mume wa Jane. Alifuatana na kaka yake mkubwa na wazee wawili wa Midia. Walipeleka mbuzi wawili. Mkakwa kama Hakim hana wajibu wa kufuata desturi za Walugbara, kabila la watu wa Logiri, lakini aliyekosea huenda kwa aliyekosewa, na huenda kwa njia ya mwenyeji. Walizungumza kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo pande zote mbili zilikuwa nayo, kila upande ukiivunja kwa namna yake.

Wazee wa Logiri walisikiliza mpaka mwisho. Mmoja wao aliuliza swali moja tu.

"Marehemu mlimfikisha?"

"Tulimfikisha."

"Basi wewe uliharibu mkono mmoja, mwingine ulifanya kazi. Jane, unasema nini?"

Jane alisema amesamehe. Mbuzi mmoja alichinjwa, wakala pamoja, Hakim na wenzake wakiwa wamechinja wao wenyewe ili Waislamu wapate kula. Mbuzi wa pili alibaki zizini. Mmoja wa vijana wa ukoo, mwalimu wa shule ya msingi, aliandika makubaliano kwenye karatasi ya daftari: betri 38 zimekwisha, Jane hatamdai Hakim tena, leo wala kesho, Hakim atabeba mizigo ya Jane kwa nusu nauli mwaka mmoja. Wote wakaweka saini au dole gumba, na tarehe juu. Nakala moja ilibaki Logiri na nyingine ikaingia kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na leseni ya mwaka 1991.

Jambo ambalo hakuna mtu aliyelitaja Logiri ni bima. Jane alikuwa na bima ya mizigo kwa sababu benki iliyomkopesha ilimtaka awe nayo, na siku mbili baada ya wizi alikuwa amekwisha peleka dai. Hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagusana. Bima ilihusu betri. Logiri ilihusu yeye na Hakim, watu ambao wangeendelea kukutana kila wiki mlangoni mwa ghala. Tarehe 22 Aprili kampuni ya bima ya Kampala ilimlipa shilingi milioni kumi na tisa. Jane akasaini kurasa nne, akanunua betri nyingine, na Hakim akazibeba hadi Koboko kwa nusu nauli.

Barua ilimfikia Hakim Septemba. Ilikuwa ya Kiingereza, yenye muhuri, na ilimpa siku thelathini kulipa milioni kumi na tisa pamoja na gharama. Binti yake Rashida alimsomea mara tatu, akimtafsiria. Hakim alielewa kila neno isipokuwa jina la mdai.

"Hawa ni nani?" akauliza. "Mimi sikubeba mali yao."

Alimpelekea barua hiyo Harriet Candia, wakili mwenye chumba kimoja juu ya duka la nguo mjini Arua. Harriet amezoea wateja wanaokuja na karatasi wasizozielewa, na ana namna yake ya kueleza.

"Mzee, tuseme ng'ombe wako amekula shamba la mahindi la Jane. Mjomba wake Jane akampa mahindi ili asife njaa. Sasa mjomba hadai kwa Jane. Anakuja kwa nani?"

"Kwa mwenye ng'ombe."

"Ndiyo hao. Wamemlipa Jane, na dai la Jane limekuwa lao. Wewe ulipokea mzigo, hukuufikisha. Sheria ni ngumu kwa msafirishaji. Ungekuwa umepatwa na radi, au mafuriko, jambo la Mungu, tungesema."

"Kifo si jambo ya Mungu?"

Harriet alicheka kidogo. "Kifo ni cha Mungu, mzee. Kushusha katoni ni kwako."

Hakim alitazama mikono yake. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichonunua: "Na kama mwenye ng'ombe alishachinja mbuzi kwa Jane? Wakakula, wakamaliza?"

Harriet aliweka kalamu chini. "Mbuzi gani?"

Ile karatasi ya daftari ilitolewa kwenye mfuko wa nailoni. Harriet aliisoma, akaangalia tarehe, akaisoma tena. Kisha akasimama akafunga mlango, ingawa kwenye ngazi hapakuwa na mtu.

Alimweleza polepole. Kampuni ilinunua dai la Jane tarehe 22 Aprili. Lakini tangu tarehe 18 Februari Jane hakuwa na dai lolote juu ya Hakim. Alilifuta mwenyewe, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Mtu hawezi kupokea kutoka kwa mwenzake kitu ambacho mwenzake hana. Mbele ya hakimu yeyote makini, karatasi hiyo ingeliua dai.

"Basi nimetoka," Hakim akasema.

"Umetoka. Lakini mlango unaotokea wewe ndio anaoingia Jane."

Katika kurasa nne alizosaini, Jane alithibitisha kwamba hajapatana na mtu yeyote kuhusu hasara ile, wala hajaondoa haki yoyote ya kudai. Haikuwa kweli. Kampuni ikiiona karatasi ya Logiri itamrudia yeye, na itataka milioni zake zote kumi na tisa. Ikitaka kuwa kali zaidi, itasema alidanganya ili alipwe.

Hakim alirudi Midia na karatasi mfukoni. Sumayah alikuwa anapepeta ufuta uani. Alimsikiliza bila kuacha ungo.

"Baba Rashida, mimi nauliza kitu moja. Hii karatasi iko na jina ya nani?"

"Yangu."

"Jane iko na ghala. Iko na bwana mwenye mshahara. Wewe iko na gari moja." Akapuliza makapi. "Maiti ya watu ulibeba. Betri ya watu ulipeleka mbuzi. Sasa unataka kubeba na Jane mgongoni? Wewe ni lori ama ni mutu?"

"Sijasema nitambeba."

"Ndiyo, hujasema. Umevua kofia tu. Mimi nakujua ukivua kofia."

Fuso, kwa umri wake, ingeuzwa kwa milioni ishirini na tano, labda ishirini na nane kwa mnunuzi mwenye haraka. Baada ya kulipa kampuni na gharama, kingebaki kiasi kisichonunua hata injini ya nyingine. Angekuwa dereva wa kuajiriwa akiwa na miaka hamsini na sita, katika njia ambayo vijana wanaendesha kwa nusu ya mshahara anaoutaka. Sumayah alijua hesabu hiyo kuliko yeye, na hakuhitaji kuitamka.

Wiki iliyofuata alikwenda Awindiri. Jane alikuwa ghalani, akisimamia kushushwa kwa waya. Hakim alimpa karatasi ya Logiri na barua ya kampuni pamoja, akamweleza kama Harriet alivyomweleza, hadi mwisho, bila kuruka kitu. Jane aliketi juu ya katoni.

"Ile fomu nilisaini," alisema. "Nyuma sikusoma."

"Mimi pia. Hati yako hii, miaka minane. Nyuma sijasoma."

Jane akacheka, kicheko kifupi. "Basi sisi wawili ni wasomi."

"Wasomi wa upande ya mbele."

Jane alitazama rafu. Pesa ya bima ilikuwa pale, katika umbo la betri na paneli, na sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kwenda kwa wateja kwa mkopo. Kama angetakiwa kuirudisha, benki ingejua, na benki ikijua, ghala lingefungwa kabla ya Krismasi. Hakim aliyaona hayo bila kuambiwa.

"Karatasi iko yako, Mzee Hakim," Jane akasema. "Mimi siwezi kukuambia uifiche. Na siwezi kukuambia uitoe. Nikianguka, nitasimama. Polepole, lakini nitasimama."

"Na ile msamaha?"

Jane alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Msamaha iko palepale. Mimi sikuisamehe bima. Nilisamehe wewe."

Hakim anasema aliamua hapo hapo, kabla hajafika kwenye gari, kwamba karatasi haitatoka na deni atalipa yeye. Sababu anayoitoa ni fupi. "Nikitoa hii karatasi, basi Logiri hawakunipa msamaha. Walinipa risiti." Wanaomfahamu huongeza sababu nyingine, ambayo yeye haikatai: habari za njia ile husafiri upesi kuliko malori, na baada ya Jane kuumizwa na msamaha wake mwenyewe, hakuna mfanyabiashara wa Arua ambaye angethubutu tena kumsamehe msafirishaji. Wangeanza kwa mawakili.

Uamuzi huo alimweleza Jane kwa simu, kwa sababu hakutaka kuonekana anangoja shukrani. Jane hakushukuru. Alisema jambo jingine.

"Sawa. Basi kuanzia leo nusu nauli imekwisha. Unabeba kwa bei kamili."

"Hapana, Mama. Wazee walisema mwaka moja. Bado miezi minne."

"Wazee wa Logiri wako na mimi, nitawaongelea."

"Wazee walikula mbuzi wangu. Siwezi kuvunja neno yao."

"Mzee, wewe kichwa ngumu kama ng'ombe wa Midia. Utalipa hao watu wa Kampala kwa nusu nauli? Kwa maombi?" Kisha, kwa sauti ya chini: "Na mizigo yote ya Koboko itakuwa yako. Nimeacha yule mwenye Canter. Sasa kata simu, naongea na wateja."

Wazee wa Logiri walikubali kwa simu siku mbili baadaye. Walitaka kujua tu kama Hakim angemrudisha mbuzi wa pili nyumbani, kwa kuwa alikuwa bado hai na mwaka ulikuwa haujatimia. Hakim alisema abaki. Walisema vema, kwa sababu alikuwa amekwisha zaa.

Harriet hakupendezwa. Kazi ya wakili si kuficha ngao ya mteja wake, alisema, na yeye hatadanganya akiulizwa waziwazi. Alimtaka Hakim asaini ukurasa unaosema kwamba ameelezwa kinga aliyo nayo na ameikataa kwa hiari yake. Hakim aliugeuza ukurasa kwanza, akatazama nyuma. Haukuwa na kitu. Akasaini.

Mkutano na kampuni ulifanyika katika chumba hicho cha Harriet mwishoni mwa Novemba. Kampuni ilimtuma Jude Laku, afisa wa madai wa miaka thelathini na kitu, mwenye baba wa Koboko lakini aliyekulia Kampala. Alikuja na faili nene na Kiswahili chembamba. Harriet alitaja yaliyokuwepo: mteja wake anakubali wajibu, hana bima, ana lori moja la kazi, likiuzwa, kampuni itapata kidogo baada ya gharama za mahakama na dalali, likiachwa litembee, itapata zaidi. Alipendekeza milioni kumi na mbili kwa miezi ishirini na minne.

Jude aliandika tarakimu, akaipigia mstari, kisha akafunga kalamu. Akamgeukia Hakim.

"Mzee, mimi nasikia huko Logiri mlichinja mbuzi na mama Jane."

Harriet hakusogea. Chini barabarani muuza nguo alikuwa anaita wateja kwa kipaza sauti.

"Tulichinja," Hakim akasema.

"Ya nini?"

"Ya moyo. Mutu akikosea mutu, anaenda. Wewe baba yako ni wa Koboko, muulize."

"Mimi nauliza kama ilikuwa ya betri."

"Betri mimi nalipa wewe hapa. Kama mbuzi ilikuwa ya betri, mimi ningekuja hapa kufanya nini?"

Jude alimtazama Harriet, aliyekuwa anaangalia karatasi zake. Kisha akamtazama tena Hakim, kwa muda mrefu kuliko adabu ya ofisi inavyoruhusu. Faili lilikuwa wazi mbele yake kwenye ukurasa mtupu. Hakuandika. Aliomba dakika kumi za kupiga simu, akashuka ngazi, na aliporudi alisema Kampala imekubali milioni kumi na mbili, kwa sharti kwamba Hakim akate bima yake mwenyewe ya mizigo kabla ya malipo ya kwanza, na kwamba malipo ya mwezi yakikosekana, deni lote la milioni kumi na tisa litarudi.

Hakim aliuliza kama bima hiyo itakubali lori kusimama njiani kubeba maiti.

"Haitakubali," Jude akamjibu.

"Basi nitabeba maiti siku ambayo gari iko tupu," Hakim akasema, "na siku iko na mali, nitaomba watu wanisamehe." Hakuonyesha kama sharti hilo lilimpendeza au lilimuudhi. Harriet anasema lilikuwa ndilo jambo pekee mchana ule lililomfanya avue kofia.

Desemba Sumayah aliuza mafahali wawili ili bima ilipwe. Alimpa fedha hizo mezani, bila neno, kisha akasema neno: kwamba akimwona tena na mfuko ule wa nailoni anakwenda kwa wakili, ataufunga yeye mwenyewe na kuutundika darini. Hakim anaeleza jambo hilo kwa fahari kidogo. Karatasi ya Logiri bado imo humo. Alionzi alikuja Midia mara moja, na jogoo mkononi, akakaa nusu siku wakizungumza habari za bei ya mihogo. Hakim hakumdai kitu.

Jumatatu tarehe 13 Januari 2025, saa moja asubuhi, atapakia katoni sitini za betri Awindiri, kwenda Koboko, kwa nauli kamili, taniboi wake akiwa naye. Jumatano tarehe 15 atapeleka benki laki tano za kwanza za deni. Za mwisho ni Desemba 2026.